Darasa Lililosoma kwa Sauti Moja

Jua halijapanda juu ya bati la madarasa, na tayari kuna foleni mbele ya mlango wa darasa la pili. Mwalimu ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamekaribia kifua, kitabu kiko wazi mapajani. Juu ya ukurasa ameweka kipande cha boksi la sabuni kilichotobolewa tundu katikati. Watoto wanakiita kidirisha.

"Haya, mjukuu wangu, nani huyo anachungulia dirishani?" anamwuliza wa kwanza.

Mtoto anakaza macho. Ndani ya tundu mna neno moja tu. Picha ya mbuzi imefunikwa, sentensi imefunikwa, na wenzake wako nyuma wanasukumana, hawana habari naye.

"Ma... maji."

"Umeyaona mwenyewe au umeambiwa?"

"Nimeyaona mwenyewe!"

"Basi yanywe. Twende la pili."

Mtoto anacheka, kidirisha kinasogea. Kila asubuhi kabla ya kengele, mama huyu mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni husikiliza watoto kama ishirini, mmoja baada ya mwingine, na waliobaki huwasikiliza kesho yake. Zamani kazi hii hakuwa nayo. Zamani darasa lake lilisoma kwa pamoja, tena kwa sauti iliyowafanya wapita njia wasimame kwenye uzio wasikilize.

Ndiyo maana shule nzima, kuanzia mwalimu mkuu hadi mlinzi wa getini, inamwita Mwalimu Pamoja. "Wote pamoja!" ndivyo alivyokuwa akisema, rula ikigonga ubao, na darasa linaitika mpaka bati linatetemeka. Jina hilo alilipenda sana. Siku hizi akiitwa huitika, lakini macho huyashusha kidogo.

Ana miaka hamsini na tisa, na huu ndio mwaka wake wa mwisho kazini. Miaka thelathini na minne ameimalizia katika shule hii hii, darasa la kwanza na la pili. Ukimwuliza kwa nini alifundisha vile, hakufichi.

"Watoto tisini na sita, vitabu kumi na viwili. Wewe ungefanya nini?" ananirudishia swali. "Unamsimamisha mbele mwenye sauti nzuri, anaongoza, wengine wanafuata. Linapendeza, linasikika, hakuna anayesinzia. Mimi nilijua nafundisha, bwana. Naapa nilijua nafundisha."

Na si yeye peke yake aliyejua hivyo. Mgeni yeyote akifika shuleni, kituo cha kwanza kilikuwa darasa la Mwalimu Pamoja. Wageni walipiga makofi, walimu wakapiga makofi, wazazi wakahamisha watoto kutoka shule za jirani ili waje kupigiwa makofi na wao. Chema chajiuza, walisema.

Kisha, mwaka juzi, wakafika wakaguzi.

Aliyeingia darasa la pili alikuwa dada mmoja mpole, hana makuu, kashika kalamu tu. Alisikiliza kwaya ile mpaka mwisho akashukuru. Halafu akamwomba mtoto mmoja asogee, amsomee peke yake. Mtoto akasogea kwa madaha na kuanza, maneno yanatiririka. Mkaguzi alipofunua ukurasa, kwa bahati mbaya akafunua kurasa mbili zilizoshikana. Mtoto hakusita. Aliendelea kuusoma ukurasa uliorukwa, neno kwa neno, kidole chake kikitembea juu ya picha ya mbuzi huku mdomo ukieleza habari za mvua.

Mkaguzi alimwita mtoto mwingine, safari hii akaruka ukurasa kwa makusudi. Huyo naye akaendelea vilevile.

"Mimi nilikuwa nimesimama pale dirishani," anasema Mwalimu Pamoja. "Nilitamani ardhi ipasuke."

Ripoti ilipotoka, shule iliwekwa daraja la chini kabisa: dhaifu. Ofisi ya walimu ikageuka jiko la maneno. Wako waliosema mkaguzi alikuja na lake jambo, na Mwalimu Pamoja, kwa kukiri kwake mwenyewe, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini kesho yake aliwahi shuleni, akakata kipande cha boksi, akakitoboa kwa wembe, akaanza kuita watoto mmoja mmoja. Kati ya kumi wa kwanza, mmoja tu ndiye aliyeweza kusoma.

"Niliishia hapo," anasema. "Nilimwogopa wa kumi na moja."

Mwalimu mkuu, mwanamume mrefu anayetembea na funguo za ghala shingoni, anasema hakuna miujiza waliyofanya. Walianza kwa kuacha kusifiana. Kila mwalimu sasa huingia darasa la mwenzake na kukaa nyuma. Saa ya kwanza ya siku watoto hupangwa kwa uwezo wa kusoma, wala si kwa umri, hata kama mrefu wa darasa la nne atalazimika kukaa na wa darasa la kwanza. Walizunguka kuomba vitabu vilivyotumika, na vilipokwisha, wakaandika maneno kwenye maboksi.

"Kazi ngumu ilikuwa kumwambia mama huyu kwamba kwaya ibaki ya nyimbo," anasema. "Nilijiandaa kwa vita. Aliniambia, 'Mwanangu, nipeleke kwa anayejua, nikakae.'"

Akapelekwa. Kwa muhula mzima, mwalimu mwenye zaidi ya miaka thelathini ya chaki alikaa kwenye dawati la nyuma, katika darasa la binti aliye sawa na kitindamimba wake, anaangalia. Alichojifunza huko, anasema, ni kunyamaza. Mtoto anapokwama, mdomo wa mwalimu unawasha kumtajia neno. Mwachie. Atalipata, na akilipata ni lake.

Mwaka huu wakaguzi walirudi. Theluthi mbili ya watoto wa darasa la pili walisoma kitabu ambacho hawajawahi kukiona. Shule ikapandishwa: inaridhisha. Si haba. Walimu walichanga, zikanunuliwa soda, na katikati ya vicheko mwalimu mkuu akamwomba Mwalimu Pamoja aseme neno.

Alisimama na chupa yake mkononi, akauliza, "Na wale waliokwisha kupita?"

Soda ziliisha kimyakimya.

Swali hilo lilikuwa na sura na jina kichwani mwake. Moja ya mabadiliko ya shule ni kwamba kila mtoto hupewa kitabu aende nacho nyumbani, asome jioni, mzazi amsikilize na kumrekebisha. Asubuhi moja kabla ya siku ya soda, katika foleni ya kidirisha, msichana mwenye alama nyeusi shavuni, wenzake humwita Kidoti, alifika akicheka peke yake.

"Mwalimu, mama yangu nikisoma uongo anasema nimepata!"

"Uongo gani tena?"

"Jana nimesoma, mbuzi amepanda pikipiki kwenda kununua miwani. Nikamwonyesha na kitabu. Akasema, vizuri sana mwanangu, endelea!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kwa adabu tu, kisha akawaambia watoto waingie darasani, ingawa kengele ilikuwa bado.

"Mama yake Kidoti nilimfundisha mimi," ananiambia, na hapa anavua miwani. "Hakuwa mtoto wa nyuma huyo. Ndiye aliyekuwa akisimama mbele! Miaka miwili sauti yake ndiyo iliyoongoza darasa langu. Wageni wakija, namtanguliza yeye."

Mama Kidoti leo ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja: viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, rafu ya makopo ya mafuta na dawa za nywele. Mwalimu Pamoja alikwenda huko akiwa na maneno ameyapanga kichwani. Msusi alimpokea kwa bashasha zote.

"Shikamoo mwalimu! Leo umenikumbuka? Kaa, kaa, nikusuke."

Akakaa. Akasukwa mistari mchana kutwa, kichwa kimeinamishwa, habari za watoto na bei za vitu zikipita juu yake, na maneno aliyoyapanga yasitoke hata moja. Akalipa, akaaga, akarudi nyumbani amependeza.

"Mume wangu aliniuliza naenda harusi ya nani," anasema. "Nikaingia chumbani nikalia."

Siku chache baadaye alirudi.

"Mwalimu, nywele hizo hata hazijachafuka," msusi alimtania.

"Sikuja kwa nywele, mwanangu. Nimekuja kwa sababu najua huwezi kusoma, na aliyefanya usijue ni mimi. Nisamehe."

Kilichofuata wanakisimulia wote wawili, na hawapishani. Msusi aliweka kitana chini. Alimwomba mteja aliyekuwa kwenye kiti atoke nje kidogo. Kisha akasema yaliyokuwa kifuani.

"Ulinisifu, mwalimu! Kila siku ulinisifu! Ningekuwa yule wa kukaa nyuma, ungeniona. Nilifika darasa la tano, kitabu kipya, hakuna wa kuimba naye, nikajiona kichwa changu ni maji matupu. Nikaacha shule kwa aibu. Kumbe hata sikuwa nimefundishwa?"

Kisha akaonyesha rafu. Huko, ananieleza mimi baadaye, kulikuwa na dawa mbili za kulainisha nywele kutoka kiwanda kimoja, kali na ya watoto. Alizijua kwa picha: kali ina mama mzima, ya watoto ina msichana. Mwaka jana kiwanda kikabadilisha maboksi, yote mawili yakawekwa sura ya msichana, tofauti ikabaki kwenye maandishi. Akampaka mtoto wa jirani dawa kali. Ngozi ya kichwa ilichubuka, mtoto akalia usiku na mchana, na ujirani wao ukafa siku hiyo. Nywele zilirudi kuota. Jirani hajarudi.

"Samahani yako haitanisomea boksi," alimwambia mwalimu wake. "Nenda tu, mwalimu. Nenda salama."

Mwalimu akaenda. Hakujitetea, na hata leo hajitetei. Anasema angependa kutukanwa zaidi, maana yule binti hata katika hasira hakuacha kumwita mwalimu.

Tangu siku hiyo Kidoti amekuwa akirudi nyumbani na kitabu, na ndani ya kitabu kidirisha. Mwalimu hakumtuma neno. Alikata tu kidirisha kingine akamwambia, "Cha akiba." Mtoto hakuuliza akiba ya nani.

Wiki iliyopita nilipita saluni. Sikuwa na haja ya kusukwa, na kipara changu ni shahidi. Mama Kidoti alikuwa peke yake, mgongo umeelekea mlango, anatazama kitu kwenye rafu. Nikabisha hodi. Aligeuka haraka, lakini niliona: mkononi boksi la dawa, juu ya boksi kipande cha kadi chenye tundu.

"Ni cha mtoto hicho," alisema kabla sijauliza.

"Sawa," nikasema.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniambia kwamba jioni siku hizi Kidoti akisoma uongo, wakati mwingine yeye hugundua. Si kila mara. Maneno mafupi hugundua. Juzi mtoto alijaribu tena kumpandisha mbuzi pikipiki, akamwambia rudia. Kidoti alimtazama, halafu akarudia bila kucheka.

"Lakini mtoto hana subira," alisema. "Nikikwama, ananitajia."

Nilimwuliza kama ana ujumbe wowote kwa mwalimu wake. Aliangalia mlangoni, kana kwamba mteja yuko njiani.

"Bado nina hasira naye, andika hivyo," akasema. "Na mwambie mistari yake itakuwa imeshachakaa, aje nimfumue. Asije na maneno mengi. Aje na kitabu."

Nilizifikisha salamu asubuhi iliyofuata, foleni ikiwa imeisha na kiti kidogo kikiwa bado mlangoni. Mwalimu Pamoja alishika kichwa chake kwa mikono miwili, akapapasa mistari iliyoanza kufumuka yenyewe, ambayo mpaka siku hiyo alikuwa hajamruhusu msusi yeyote aiguse. Kisha akaniambia mpango wake, kana kwamba ulikuwa tayari siku zote: akistaafu mwisho wa mwaka, kila Jumamosi atakuwa saluni. Na wengine waliopita mikononi mwake atawatafuta, mmoja mmoja, kadiri miguu itakavyomchukua.

"Nitawapata wangapi? Wachache," anasema. "Wengi nimeshawapoteza. Hilo nitakufa nalo."

Aliinuka akaenda kwenye kabati la darasa, akaanza kuchagua. Alichomoa kitabu kimoja cha zamani, jalada limebandikwa gundi mara nyingi, mbuzi wa picha karibu amefutika. Alikishika kwa mapenzi, nikadhani ndicho.

"Hiki hapana," akasema, akakirudisha taratibu. "Hiki anacho chote kichwani."