Kitufe Kimoja, Mara Nne

Mganga mkuu wa zahanati alisema nilisoma faili la mgonjwa kwenye kompyuta na kulitangaza mtaani. Sikulisoma. Sijui kusoma, hata haya ananiandikia dada yangu.

Nimepiga deki pale miaka kumi na mmoja. Kompyuta ya mapokezi ilifunguliwa kwa kitufe kimoja kikibonyezwa mara nne. Nilikijua kwa sababu kila asubuhi nilipangusa vitufe vyote, na hicho peke yake kilikuwa kimefutika alama yake kwa vidole; mara nne nilizihesabu kwa mlio karani akibonyeza. Nilimwambia karani kwamba mtu yeyote anaweza kufungua. Akacheka. "Mama Deki, kompyuta haina matope. Tuachie sisi."

Nikamwendea mganga mkuu. Akasema haiwezekani. Basi nikamvuta mpaka mapokezi, nikabonyeza mwenyewe mara nne. Kioo kikafunguka kwenye faili la fundi cherehani wa mtaani kwetu, picha yake juu, na foleni ya wagonjwa wanaosubiri kadi imesimama dirishani ikichungulia.

"Nani kakuruhusu?" mganga mkuu akaniuliza. Hakuuliza kingine.

Wiki haikuisha, ugonjwa wa fundi ukawa maongezi ya bombani. Foleni haikuulizwa. Niliulizwa mimi.

Kujitetea kulikuwa kwepesi, niseme tu sijui kusoma. Lakini siku ya kuajiriwa walitaka aliyemaliza darasa la saba, nami nikaitikia nimemaliza. Jina langu nalichora tu, kama mtu anavyotarizi ua. Nikisema najua kusoma, faili nimelisoma mimi. Nikisema sijui, kazi niliipata kwa uongo. Nikanyamaza.

Huu mwezi wa tatu nakuja asubuhi, nachora jina kwenye daftari, nakaa stoo kati ya ndoo na magodoro mabovu hadi saa tisa. Sifukuzwi, sirudishwi kazini. Nikiacha kuja, watasema nimekiri. Kwingine hawanichukui bila barua ya mganga mkuu.

Juzi fundi cherehani alinifuata stoo. Akaniuliza, "Dada, ulisoma nini juu yangu?" Nikashindwa kumdanganya, nikamwambia sijui kusoma. Akanipa kadi yake ya kliniki nimsomee. Nikaitazama weee. Akanyoosha mkono, akaigeuza, maana nilikuwa nimeishika kichwa chini.

"Nimekuamini," akasema. "Lakini aliyenifungua mbele za watu ni wewe. Hukuniuliza."

Akaenda kumweleza mganga mkuu kwamba sijui kusoma, kwa nia njema. Sasa nina mashtaka mawili: la faili halijafutwa, na la darasa la saba limeongezwa.

Bado niko stoo. Ukuta ni mwembamba, nasikia karani akifungua kompyuta: ta, ta, ta, ta. Kitufe kile kile.

Mganga mkuu hajanipa barua ya kusema sikusoma, wala hajakibadilisha kitufe nilichomwonyesha. Nitaidai barua hiyo mpaka anipe. Na fundi cherehani ananidai mimi. Radhi yake bado sijamwomba.