K Iliyogeuka

Asubuhi ile Arlis alikuwa amevaa sweta la mumewe Orval, lile la kijivu lililotoboka kiwiko, kwa sababu la kwake lilikuwa kwenye mashine ya kufulia. Alikaa mezani jikoni, ramani mbele yake, ratiba za michezo ya besiboli kushoto, kahawa kulia, penseli sikioni. Ilikuwa Machi. Theluji ilibaki tu nyuma ya ghala, pasipofika jua.

Orval alikuwa jikoni hapohapo anakaanga pankeki.

"Davenport wanacheza kwao Jumanne," Arlis alisema. "Jumatano wanaondoka. Tukilala Cedar Rapids siku mbili, tumewakosa."

"Basi tusilale siku mbili."

"Na mgongo wako?"

"Mgongo nao utakuja. Nitamwachia nani?"

Arlis alicheka puani, akafuta kitu, akaandika kingine. Moshi ulianza kutoka kwenye kikaango. Bila kuinua kichwa alimwambia Orval lile neno aliloambiwa kila asubuhi ya pankeki, maana Orval alikuwa na tabia ya kusimama anaitazama pankeki mpaka ilalamike yenyewe.

Saa tatu Arlis alichana ukurasa kwenye daftari lake, akaubandika kwenye mlango wa friji kwa selotepu, pembe zote nne. Akarudi nyuma hatua moja kuutazama.

"Nimemaliza. Ratiba ya safari hii usiiguse mpaka Aprili."

"Nani aiguse? Kusoma kwenyewe kazi."

"Hii utaisoma. Nimeiandika kwa lugha yako."

Saa tano alitoka kwenda kuchukua barua barabarani. Alipochelewa, Orval alimfuata. Alimkuta ameketi chini, mgongo kwenye nguzo ya sanduku la barua, barua amezipanga mapajani kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Roho ilikuwa imeshakwenda.

Orval aliketi naye kidogo pale majanini. Kisha akaenda kupiga simu.

*

Huko kwao, karibu na Wilber, Nebraska, Arlis alijulikana kwa mambo mawili. Miaka ishirini na sita alipika katika jiko la shule. Miaka thelathini na mmoja aliandika daftari la matokeo la timu ya besiboli ya mji, na kwa hilo hakulipwa ila keki ya cheri kila mwisho wa msimu. Hakuwahi kumzomea mwamuzi. Mwamuzi akikosea, Arlis alitoa kisu kidogo akanoa penseli yake polepole, huku akimtazama. Waamuzi wengi walisema wangependelea kuzomewa.

Orval aliacha shule darasa la sita, mwaka ule baba yake alipovunjika nyonga. Ng'ombe thelathini hawajui kwamba mtu ameumia, wanataka kukamuliwa. Aliweza kusoma majina, nambari, na maandishi ya kwenye magunia ya chakula cha mifugo. Barua ndefu zilimtoa jasho. Lakini daftari la besiboli alilisoma haraka kuliko mchungaji anavyosoma Injili, na aliyemfundisha ni Arlis.

Walianza hivi. Kiangazi cha mwaka 1969 timu yao ilicheza na timu ya mji jirani wa Crete. Arlis, binti wa muuza mbegu, miaka kumi na tisa, alikuwa mezani nyuma ya wavu akiandika. Orval ndiye aliyekuwa mpigaji wa mwisho. Mpira wa tatu ulikuja katikati kabisa, mnene kama tikiti, na yeye akasimama, gongo begani, akautazama ukipita. Mwamuzi akamtoa. Mchezo ukaisha.

Baadaye alikwenda mezani kuona aibu yake ilivyoandikwa. Aliyetolewa kwa mipira mitatu huandikiwa K. Aliikuta K, lakini ilikuwa inatazama nyuma.

"Dada, hii umekosea. Imegeuka."

"Sijakosea. Mtu akizungusha gongo akakosa, K yake inatazama mbele. Akisimama kama nguzo ya ua mpira unampita, K inageuka. Wewe ulisimama."

"Nilidhani mpira utakata kona."

"Hata hivyo uliutazama vizuri," Arlis alisema. "Sijaona mtu anautazama mpira vizuri vile."

Wachezaji wote walicheka, na mdakaji wao, Merle Novotny, alicheka zaidi. Orval naye alicheka, na huo ndio ukawa mwanzo.

Mwanzo tu, maana ilichukua miaka minne. Kila Krismasi Orval alikwenda kwa kina Arlis na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, akala, akashukuru, akavaa kofia, akarudi kukamua. Krismasi ya nne Arlis alimpa bahasha mlangoni. Ndani kulikuwa na K nne, kila Krismasi na yake, zote zimegeuka. Orval hakuhitaji kusomewa. Aliposa palepale kizingitini, kofia mkononi, mlango wazi, mama mkwe akipiga kelele kwamba baridi inaingia.

Tangu hapo K ile ikawa ya nyumbani. Siku ya daktari wa meno ambayo Orval hakwenda, kwenye kalenda ilichorwa K iliyogeuka. Paa la ghala ambalo lingetengenezwa wiki ijayo lilikuwa na K saba. Arlis hakugomba. Alichora. Mara moja tu Orval alimchorea yeye, pale Arlis alipoahirisha kupima macho mara tatu. Alicheka mpaka akapata kwikwi, kisha akaenda kupima.

Walifunga ndoa mwaka 1973. Fungate yao ilikuwa siku moja: Kansas City, kutazama timu kubwa, kwa sababu shemeji alikubali kukamua siku moja tu. Walipofika mvua ilianza. Walikaa saa tatu chini ya turubai la plastiki, wakila mikate yao waliyofunga nyumbani, wakitazama wafanyakazi wakifunika uwanja, wakifunua, wakifunika tena. Mwishowe mchezo ukaahirishwa. Watu waliambiwa waje kesho na tiketi zilezile. Kesho yao ilikuwa na ng'ombe.

Tiketi zile mbili ziliingia kwenye kopo la vifungo, zikakaa. Mara kwa mara, akishona, Arlis alisema, "Kansas City bado."

Orval alijibu, "Ng'ombe."

Na mazungumzo yakaishia hapo, mwaka hadi mwaka, karibu miaka hamsini.

Vuli iliyopita goti la Orval lilikataa kabisa, wakauza ng'ombe. Lori lilipoondoka na wa mwisho, Orval alisimama zizini hajui mikono aiweke wapi. Wiki ileile Arlis alimpeleka Seward kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akiuza gari-nyumba. Lilikuwa na vitanda viwili, jiko la gesi, mapazia ya rangi ya machungwa, na harufu ya panya.

"Linanuka," Orval alisema.

"Wewe umenuka zizi miaka hamsini na sijakurudisha kwenu."

Wakalinunua. Majira yote ya baridi Orval alilala chini yake akifunga hiki na kile, na Arlis alikaa jikoni akipanga safari ya besiboli.

*

Baada ya mazishi Orval hakutazama mlango wa friji kwa wiki mbili. Alifungua, alichukua maziwa, alifunga, macho chini. Halafu siku moja alisimama akausoma ule ukurasa.

Ulikuwa ukurasa wa daftari la mchezo, wenye visanduku tisa kwa mstari. Arlis alitumia mstari mmoja tu. Katika kila kisanduku alichora ile njia ya pembe nne anayoizunguka mkimbiaji, akaiacha tupu ijazwe wakifika, na juu yake herufi moja na tarehe. O, Omaha. D, Des Moines. C, Cedar Rapids. D nyingine, Davenport. M, Milwaukee. C, Chicago. P, Peoria. S, St. Louis. Kweli ilikuwa lugha yake. Alisafiri na kidole, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi kifua kilimlegea kidogo.

Kidole kikafika kisanduku cha tisa.

Hapo hapakuwa na njia wala tarehe. Kulikuwa na K moja, imefifia, ya rangi ya waridi. Imegeuka.

Orval alikaa kwenye kiti. Aliirudia kwa macho mara nyingi. Kisanduku cha tisa kilipaswa kuwa Kansas City. Hakuna mtu aliyepita Peoria na St. Louis akielekea nyumbani angeiruka Kansas City, na Arlis ndiye kabisa asingeiruka. Ila kama aliifuta. Kama alikaa pale na penseli yake, akamfikiria mumewe, akajua kwamba mwishoni mzee huyu atasimama tu, kama alivyosimama daima, akaandika kilichokuwa kweli.

Miaka yote K ile ilikuja na kicheko. Hii ilikuja peke yake.

Jumapili binti yao, Renae, alipiga simu kutoka Phoenix. Alisema lile gari liuzwe tu, Baba, litakukalia rohoni. Orval alisema sawa. Baada ya ibada alimwambia Merle Novotny, "Bado unalitaka?"

"La mapazia ya machungwa? Mke wangu analitaka. Mimi nalionea haya."

"Njoo Jumamosi."

*

Merle alikuja Jumamosi asubuhi, tarehe mbili Aprili, akichechemea kwa magoti ya mtu aliyedaka mipira miaka ishirini. Alizunguka gari mara mbili, akapiga teke gurudumu, akaingia jikoni bila kubisha.

"Mzee mwenzangu, lile gurudumu la nyuma linavuja."

"Halivuji. Umelipiga teke."

"Nikipiga teke likavuja, si linavuja? Unapika nini?"

"Pankeki. Kaa."

Merle alikaa, kisha akainuka tena alipoona amekalia kiti cha Arlis. Alihamia kile cha dirishani. Orval alimwaga rojo la unga kwenye kikaango, akafuta mikono, akaenda kwenye friji. Akabandua selotepu, pembe moja moja, taratibu, isichanike.

"Chukua na hii. Njia yote imepangwa. Miji minane. Usiitupe, Merle."

Merle alivaa miwani. Maandishi yalikuwa madogo, akauinua ule ukurasa dirishani kwenye mwanga. "Omaha," alisoma. "Des Moines. Huyu mwanamke! Mpaka tarehe."

Orval alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Kwa hiyo yeye aliona mgongo wa karatasi.

Kwenye ukingo wa kushoto, kwa kalamu nene nyekundu, palikuwa na K. Ilikuwa inatazama mbele.

"Tulia hivyohivyo," alisema.

"Nini?"

"Usishushe mkono."

Orval aliinama mezani. Baada ya ile K kulikuwa na penseli, maandishi madogo. Alisoma kama anavyosoma siku zote, midomo ikitembea. A. N. S. A. S. Akapumua. City. Kisha visanduku vitatu alivyovichora mwenyewe Arlis kwa mkono, kwa sababu kimoja cha upande ule kisingetosha. Ijumaa, na juu yake wingu. Jumamosi, wingu na alama ya kuuliza. Jumapili, jua.

Siku tatu. Mvua ikinyesha Ijumaa, tunasubiri. Ikinyesha Jumamosi, tunasubiri. Hakuna ng'ombe.

"Mkono unaniuma," Merle alisema. "Orval? Unalia?"

"Ni wino," Orval alisema.

"Wino umefanya nini?"

"Umepenya."

Merle aligeuza karatasi, akatazama huku, akatazama kule. Alikuwa mtu wa mpira, na hadithi ya ile K alikuwepo ilipoanza. Ilimchukua muda, lakini ilimfika. Akavua miwani.

"We mzee. Ulidhani amekuandikia ile ya Crete?"

Orval alifuta macho kwa mkono wa shati.

"Karatasi imekaa kwenye friji mwezi mzima na hukuwahi kuigeuza?"

"Aliniambia nisiiguse mpaka Aprili."

"Mungu wangu!" Merle alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka ghafla, akaikunja karatasi mara moja, akaifunua tena, akamsukumia mwenzake. "Leo ni Aprili. Nimetoka kitandani, nimemuaga mke wangu kwamba nakwenda kuleta gari. Niambie moja tu. Unauza, huuzi?"

Orval aliitazama karatasi. Aliwazia kiti kitupu kando yake njia nzima, na daftari ambalo sasa itabidi aliandike yeye, kwa mkono wake mzito. Aliwazia kopo la vifungo. Saa ya ukutani iliendelea.

"Orval," Merle alisema kwa upole. "Mpira unakuja."

"Siuzi."

"Basi lile gurudumu nitakuzibia mimi, maana nimelipiga teke. Omaha ni lini?"

"Alhamisi."

"Utakwenda peke yako?"

"Nitakwenda na penseli yake."

Merle alitikisa kichwa, akanusa. "Na moto je, utauzima, au tutasafiri na nyumba yote?"

Moshi ulikuwa umeshafika taa ya juu. Orval alirudi kwenye jiko, akasimama mbele ya kikaango, mwiko mkononi, akaitazama ile pankeki kama alivyozoea. Na hapo yale maneno ya asubuhi ile ya Machi, yaliyosemwa bila kichwa kuinuliwa, yalimjia yote, neno kwa neno:

"Geuza, Orval. Upande wa pili bado mbichi."