Rimu Tatu Nyeusi na Moja ya Silva

Kila nikiegesha gari mbele ya duka letu Kariakoo, lazima atokee mtu wa kuniuliza kama rangi iliniishia njiani. Rimu tatu ni nyeusi, zinang'aa kama viatu vya mwanajeshi, halafu ile ya mbele kushoto ni ya silva, ya zamani, haijaguswa na fundi yeyote. Mwanzoni nilikuwa najibu kwa ukali. Siku hizi nasema ndiyo, iliniishia, na naingia zangu dukani. Kueleza kungenichukua asubuhi nzima, na hata mimi mwenyewe sina hakika kama nimeelewa.

Gari ni la baba. Duka pia ni la baba: sufuria, mabakuli, madeli, kwa jumla na rejareja. Alishuka Dar kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akauza vyombo vya watu, kisha akauza vyake. Gari alilinunua nikiwa bado nasoma shule ya msingi, nalo liliingia nyumbani kwetu Ilala na heshima zake zote. Kila Jumapili baada ya ibada tuliliegesha kivulini, tukasubiri rimu zipoe, kwa sababu baba hakuruhusu maji yaguse rimu yenye joto. Maji, sabuni ya kawaida, kitambaa laini, basi. Kitambaa chenyewe kilikuwa fulana kuukuu ya pamba kutoka soko la mitumba la Mchikichini, na mama alikuwa akilalamika kwamba baba hachagui shati la kuvaa kwa umakini ule anaochagulia fulana ya kufutia rimu. Nyuzi za chuma za kusugulia vyombo zilikuwa haramu. Alisema rimu ni ndugu yake sufuria: ukiiparuza leo ing'ae, kesho haitoki uchafu.

Yeye alifuta uso wa rimu. Mimi nilipewa matundu, yale madogo yanayoizunguka katikati, ambako vumbi jeusi la breki hujificha. Nilisokota kitambaa kwenye kidole na kukizungusha ndani. Vidole vyake vilikuwa vinene, havikuingia. Nilipomaliza alikagua, na mara nyingi aliniambia nirudie tundu fulani, nami nikanuna mpaka chakula cha mchana.

Miaka hii ya karibuni baba ameanza kupotea, si mtaani, kichwani. Kwanza ilikuwa bei za vyombo. Baadaye akawa anamuuliza mama kama mama yupo. Mimi siku nyingine ni binti yake, siku nyingine ni mteja, na siku nyingine ananiita dada kwa adabu kabisa, kama anavyomwita mtu aliyekutana naye benki. Daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau na kwamba hautarudi nyuma. Nilimsikiliza vizuri na nikatoka pale sijui nifanye nini na nilichosikia.

Ndipo mama akaamua kwamba Desemba ile lazima baba aende nyumbani, Kilimanjaro. Alikuwa amekosa Krismasi iliyopita kwa sababu ya homa. Wadogo zake walikuwa wanasubiri, na bado alikuwa akiwataja mmoja mmoja bila kukosea. Mama alisema asipokwenda mwaka huu akiwa bado anawajua, mwakani tutampeleka kwa wageni. Basi safari ile haikuwa ya sikukuu tu. Tulijua wote wawili, na hatukulizungumza tena.

Sasa, sisi watu wa Kilimanjaro tuna ugonjwa wetu mwingine, nao hauna daktari. Desemba huendi nyumbani na gari chafu. Utaliegesha migombani, na wajomba watalizunguka mikono ikiwa nyuma, hawasemi kitu, na kutosema kwao ndiko kunakoumiza. Rimu zetu zilikuwa zimeharibika. Tangu baba aache kuzisafisha nilikuwa nalipeleka gari kwa waosha magari, nao walikuwa na maji yao makali ya kunyunyiza, yanayotoa uchafu kwa dakika moja na kuondoka na ngozi ya rimu pia. Rangi ya juu ilibanduka, chumvi ya hewa ya Dar ikaingia chini yake, yakatokea madoa meupe. Mama aliyatazama akasema hatuendi nyumbani na gari lenye mba.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Nilidhani kupaka rimu rangi ni kupaka rimu rangi. Fundi wa kwanza, hapo hapo Ilala, alinishauri nipige kromu, itang'aa mpaka nihesabu meno yangu. Wa pili, jirani yake, akacheka na kusema kromu na chumvi ya Dar haziivi chungu kimoja, itabanduka kama ganda la kitunguu. Yeye alitaka kuvua rangi yote na kusugua alumini yenyewe mpaka iwe kioo. Nilipomuuliza inatunzwaje, akasema ni rahisi, unaisugua kwa dawa kila wiki. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri gari lake akaingilia, akasema yeye alifanya hivyo na sasa ana ndoa mbili, ya nyumbani na ya rimu.

Wa tatu alikuwa na oveni. Rangi yake ni ya unga, inarushwa kwenye rimu, kisha inaokwa kama mkate, inatoka ngumu, haikwaruziki ovyo. Nikashusha pumzi, nikaona nimefika. Kumbe bado. Akaniuliza silva, kijivu, nyeusi ya kung'aa au nyeusi isiyong'aa. Ile isiyong'aa niliipenda, mpaka aliponionya nisije nikaipaka nta wala kuisugua sana, maana itaanza kung'aa madoadoa. Yaani ni rimu inayoharibika kwa kusafishwa. Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki nikajaribu kuelewa jambo hilo na sikuweza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku ile za wote zilikuwa zinaniwasha mimi.

Jioni nilimuuliza mwenye gari. Fundi alikuwa amenipa vipande vya bati vilivyopakwa rangi, nikavimwaga mezani mbele ya baba. Alivipanga kama karata, akavitazama kwa muda.

"Ile ile," akasema.

"Ipi, baba?"

"Ile ile ya gari letu."

Mezani kulikuwa na silva za kila namna, na hakuna hata moja iliyofanana na yetu. Nikaona hajanijibu, nikavikusanya. Kesho yake nikachagua nyeusi ya kung'aa, kwa sababu fundi aliniapia kwamba inaficha vumbi la breki, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchagua. Akaniuliza na spea, ile ya tairi la akiba, je, aipake pia? Nikamwambia aiache, nani anaangalia spea.

Zilipendeza, sitaki kusema uongo. Nililizunguka gari kama wale wajomba, mikono nyuma. Mama akasema limekuwa gari la kijana. Tulipakia mabegi, magunia ya mchele, vitenge vya shangazi, kila kitu, na asubuhi ya safari baba akatoka ndani akiwa amevaa koti lake la suti na kofia. Alikuwa na furaha. Alikuwa akiwataja wadogo zake tangu kwenye chai. Akafika kwenye mlango wake, upande wa abiria, akainamisha kichwa kutazama tairi, akasimama.

"Hili si letu," akasema.

Nilimwambia ni letu. Akatikisa kichwa kwa upole na kwenda kusimama getini, mikono mfukoni, kusubiri letu lije.

Nilimfuata. Nilimwonyesha namba ya gari, nikamwonyesha ile namba iliyochongwa kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa, kama tunavyochonga hapa mjini ili mwizi apate tabu kuviuza. Akanijibu kwamba namba mtu anaandika tu. Nilimwonyesha ufunguo. Ufunguo, akasema, unachongwa. Yote mawili ni kweli, na aliyenifundisha ni yeye. Hasira ilinipanda. Nilimwambia kwa sauti ambayo majirani waliisikia kwamba ni rangi tu, baba, nimepaka rangi, ni rimu zako zile zile. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama dalali mchanga.

"Dada, mimi sipandi gari la mtu bila mwenyewe kujua," akasema. "Mwenyewe akija, utamwambia nini?"

Mama alikaa kwenye kizingiti cha mlango, akavua kilemba. Hakulia. Alisema tu, polepole, kwamba basi haendi. Nikamwona anaanza kuhesabu kwa vidole watu wa kuwapigia simu. Nami nilisimama katikati ya wawili hao sijui niende kwa nani, nikiwa na ufunguo ambao hauthibitishi chochote.

Baba akarudi kutoka getini. Alituambia tutoe mizigo yetu kwenye gari la watu kabla mwenyewe hajaja kutuona. Ikabidi tutoe. Nilitoa begi baada ya begi kwa hasira, naye akasaidia, kwa adabu, asikwaruze chochote. Buti lilipobaki tupu alifanya kitu ambacho amekifanya kabla ya kila safari tangu niwe na akili zangu: akainua zulia la chini kukagua spea.

Spea ilikuwa imelala pale miaka yote, mbali na jua, mbali na maji makali ya waosha magari, rimu yake ya silva kama siku gari lilipoingia nyumbani. Baba akaigusa kwa kiganja chote. Uso wake ukafunguka, kisha ukajifunga haraka. Akanivuta karibu na kuninong'oneza sikioni.

"Wametunyofoa matairi. Limebaki hili moja." Akatazama huku na huku. "Usipige kelele. Tuongee nao vizuri, watatuuzia."

Hapo nilicheka, nikashindwa kujizuia, na machozi yakatoka humo humo. Kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoishi hapa. Ukiibiwa kioo cha gari asubuhi, hugombani na mtu. Unakwenda mtaa wa vipuri, unasalimia vizuri, unakitafuta na kukinunua tena, na muuzaji anakupa pole. Baba alikuwa amesahau jina langu, lakini hilo alikuwa hajalisahau. Mama akauliza nacheka nini. Nilichukua jeki.

Kwa nini nilichukua jeki, sijui. Sikuwa na mpango wowote. Nililitoa lile tairi la mbele kushoto lenye rimu nyeusi niliyohangaikia wiki nzima, nikaweka spea mahali pake. Baba akachuchumaa karibu yangu, suti na kofia, akanisimamia. Aliniambia nikaze nati kwa kuvuka, moja ya juu, kisha ya chini, nisizunguke kama saa, halafu niteremshe gari ndipo nimalizie kukaza. Hakukosea hata hatua. Nilipolishusha gari, alisogea nyuma, akatazama gurudumu lililo kwenye mlango wake.

"Hili letu," akasema, na akapanda.

Tulirudisha mizigo mbio mbio kabla hajabadili mawazo. Ile rimu nyeusi ikaenda kulala kwenye shimo la spea. Mama alipanda nyuma, akafunga kilemba upya.

Spea ilikuwa imepungua upepo, kwa hiyo tukasimama kwenye kituo cha mafuta cha kwanza. Baba alishuka na mimi. Wakati tairi linajazwa, alitoa leso mfukoni, akainama na kuanza kuifuta rimu, uso wake tu, kwa mizunguko midogo. Kisha akanigeukia.

"Dada, wewe una watoto?"

Nikamjibu bado.

"Mimi nina binti. Haya matundu ni kazi yake. Vidole vyangu haviingii."

Sikuwa nimejiandaa. Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za watu, kama huyo binti anaifanya kazi yake vizuri.

"Vizuri sana," akasema. "Ila ana hasira, huyo. Ukimwambia rudia, ananuna."

Akanipa leso. Niliisokota kwenye kidole cha shahada, nikakiingiza kwenye tundu la kwanza, kikagoma kwenye fundo. Nikajaribu cha mwisho, kile kidogo. Kiliingia nusu. Nikafuta nilipofika, na sikujua kama nimepatikana au nimepotezwa, maana anayenisifu alikuwa mbele yangu na aliyesifiwa hakuwepo. Nilipoinua kichwa, baba alikuwa ametazama barabarani tulikotoka, uso umeingiwa na wasiwasi.

"Hatujamwacha?" akauliza.

"Hapana, baba," nikasema. "Yumo. Tunaenda naye."

Akaridhika, akarudi kwenye kiti chake, akafunga mlango.