Ruka Mpaka Pale Anapocheka

Kwetu, mtu akizikwa bila kameramani, majirani huuliza kama familia ilikuwa na haraka ya kumfukia. Tenti inaweza kuvuja, nyama inaweza kuisha kabla wageni wa Nairobi hawajala, na hayo yote husameheka. Video lazima iwepo. Ikishatoka inawekwa kwenye flashi, flashi inatembea nyumba hadi nyumba, na watu wanaijadili vile watu wa mjini wanavyojadili sinema. "Umeona ile ya mzee wa ng'ambo ya mto? Tafuta uone. Kwaya imeimba mpaka uji wangu ukamwagika motoni." Au, "Hiyo usijisumbue. Hotuba mwanzo mpaka mwisho."

Na mimi nilikuwa mmoja wao, sitajitoa. Mwaka nilioolewa kule Nyamira niliketi sebuleni kwa mama mkwe nikitazama mazishi ya mtu nisiyemjua, nikasema mjane wake analia kama mtu aliyeangusha ufunguo na anautafuta. Watu walicheka. Mume wangu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Sijui kama yule mjane aliwahi kuambiwa. Siku hizi ninamfikiria sana.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la ndizi. Lilimwangukia kwenye kona, likiwa limejaa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na msichana wa miezi minane kwenye titi. Mambo ya mochari sitayaandika.

Kameramani alitoka Keroka, kijana mwenye studio juu ya duka la mbolea. Alikuja na kamera mbili na droni iliyokuwa ikilia juu yetu kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Aliyemtafuta ni baba mdogo wa mume wangu, mwalimu mstaafu, ambaye tangu baba mkwe afe ndiye msemaji wa boma lile. Akisema jambo limekwisha, limekwisha.

Video ilifika wiki tatu baada ya mazishi. Mama mkwe ni Msabato wa kweli. Ijumaa jua likizama runinga yake hufunikwa kitambaa mpaka kesho yake jioni. Lakini hii ilikuwa na pasta na kwaya, kwa hivyo ilihesabiwa kama ibada, na Sabato ile baada ya kanisa kitambaa kilitolewa. Sebule ilijaa mpaka wengine wakaketi sakafuni. Mimi nilikuwa jikoni nikisonga ugali wa wimbi, nikilisikia jina la mume wangu likitoka kwenye spika.

Mwanzo ilikuwa sifa tupu.

"Aki picha ni safi."

"Ona droni inavyoonyesha chai yenu, mpaka kule kwa miti."

"Hii imeishinda ile ya Masimba mbali sana. Ile ni kama waliipigia ndani ya gunia."

Kisha wakanyamaza. Nikatoka jikoni na sahani mkononi. Kwenye runinga nilikuwa mimi, nimesimama kando ya jeneza, leso nyeusi kichwani, mtoto mgongoni. Midomo yangu ikaanza kufunguka, polepole, kama mlango unaosukumwa na upepo. Nikatabasamu. Meno yote nje. Na chini ya tabasamu langu yule kijana alikuwa ameweka kinanda.

Alikuwa amepunguza mwendo wa picha. Kosa lenyewe ni hilo tu. Tabasamu la kupepesa jicho alilivuta likawa refu kama mahubiri, kwa sababu alifikiri linapendeza.

"Rudisha nyuma," wifi yangu mkubwa akasema.

Wakarudisha. Mara tatu.

"Mokamwana," baba mdogo akaita, maana ndivyo mke wa kijana anavyoitwa kwetu, "hapa unacheka nini?"

Sahani ilikuwa inanichoma vidole. Nilimtazama mama mkwe kwa sababu yeye alijua. Siku ile gari la maiti lilikwama kwenye matope ya mteremko wetu, vijana wakalisukuma, na jeneza lililongojwa saa nne lilifika saa nane. Sasa, mume wangu hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Hata siku ya harusi yetu alinikuta kanisani nimeketi, nimevua viatu. Jeneza lilipowekwa chini, mama mkwe aliniinamia sikioni akasema kwa Kikisii, "Huyu hata kwa kaburi lake amechelewa." Machozi yalikuwa yakimdondoka kidevuni na alikuwa akitabasamu. Nikatabasamu naye. Tangu ajali ile, hiyo ndiyo mara ya kwanza niliona kuna mtu mwingine anamkumbuka yule yule ninayemkumbuka mimi, si yule mtakatifu aliyekuwa akisomwa kwenye hotuba.

Kwenye video mama mkwe hakuwepo. Kijana alikuwa amekata picha nikabaki mimi peke yangu.

"Mama," nikasema, "waambie."

"Niwaambie nini?" Hakuniangalia. "Mimi nilikuwa nalia. Mtoto wangu alikuwa ndani ya sanduku."

Sahani niliiweka mezani. Wakala. Ugali wangu haukumshinda mtu.

Kufikia mwisho wa mwezi huo sijui kama kulikuwa na nyumba iliyobaki bila kuiona. Asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni ya kituo cha majani chai, kikapu mgongoni, na mbele yangu wanawake wawili wanashauriana kana kwamba mimi ni nguzo.

"Ile usiangalie yote, utachoka. Ruka mpaka pale anapocheka."

"Ni wapi hapo?"

"Pasta akimaliza tu. Utamjua kwa leso."

Mmoja akageuka, akaniona, na wala hakuona haya. "Dada, kwani ulikuwa unacheka nani? Ama kuna mtu alikuwa anakungoja nyuma ya tenti?"

"Nilikuwa nacheka kofia yako," nikamwambia.

Watu walicheka, lakini kicheko hicho hakikunisaidia. Shida ni kwamba wameona sinema nyingi sana. Katika sinema, anayetabasamu kaburini ndiye aliyekata breki. Hiyo wanaijua hata wale ambao hawajawahi kuona breki. Basi wakaanza kutafuta breki yangu. Nilimpikia nini asubuhi ile? Kwa nini nilimpigia simu akiwa njiani? Nilimpigia simu kumwambia mtoto ameota jino. Hilo nalo liligeuzwa: nilimpigia ili aangalie simu, aache kuangalia kona.

Ndipo baba mdogo akasema kutakuwa na kikao Jumapili. Lakini uamuzi ulikuwa umeshapikwa, kikao kilikuwa cha kupakua tu. Mimi nirudi kwetu Mosocho. Mtoto abaki. Ng'ombe wa mahari walishapelekwa kwa baba yangu, kwa hivyo mtoto ni wa boma. Tena mtoto huyu amepewa jina la mama yake mama mkwe, marehemu, na tangu azaliwe mama mkwe humwita Mama. "Mama, njoo unywe uji." "Mama, nani amekuliza?" Niliposikia habari za kikao nilimfuata jikoni kwake, nikamkuta anachambua mboga za chinsaga, mtoto amekaa kwenye majani katikati ya mikono yake.

"Mama, wanataka kuninyang'anya mtoto kwa neno ulilosema wewe. Sema tu ukweli. Utasema kwa dakika moja."

Alichambua majani matatu, manne.

"Wewe bado kijana," akasema. "Utaolewa tena, utazaa. Mimi nikisema nilitania juu ya jeneza la mwanangu, nitaketi kiti gani kanisani?"

"Na mtoto?"

"Mama haendi popote. Huyu nilishamzika mara moja."

Nilitoka nje. Kama ningebaki ningemrushia chungu cha mboga.

Kesho yake nilienda Keroka. Yule kijana aliponiona mlangoni alisimama, akafuta kiti kwa mkono wa shati.

"Madam, karibu! Wewe ndiye nyota wangu."

"Nyota wa mamako."

"Si hivyo, madam. Ile sehemu yako watu wanaipenda! Juzi familia imekuja, wameniambia mjane wao awekwe vile vile, na kinanda."

"Wanataka kumchukua mtoto wangu," nikasema. "Kwa sababu ya hicho kinanda. Wanasema nilimuua mume wangu na nikafurahi, na ushahidi ni wewe."

Aliketi. Akawa anazungusha kifuniko cha lenzi.

"Mimi nilidhani ulikuwa unamkumbuka," akasema. "Nilipoiona nikasema, huyu alimpenda huyu mtu. Nikataka watu waone."

Hapo ndipo hasira iliponikaba kabisa. Kati ya wote walioitazama ile video, yeye peke yake aliisoma vizuri, na ndiye aliyeniharibia.

Picha zote zilikuwa bado kwenye kompyuta yake, zisizokatwa. Tulizitafuta saa nzima, tukapita pasta, tukapita wapishi, tukapita mtu anakojoa nyuma ya migomba. Halafu tukafika. Mama mkwe anainama, midomo inasonga, anatabasamu. Mimi nafuata. Imekwisha. Niliikodolea macho mara moja tu, nikamwambia aniwekee kwenye flashi.

Jumapili mchana sebule ilijaa tena. Wazee wanne wa boma, wifi zangu, majirani ambao hakuna aliyewaalika. Mtoto alikuwa kwa mapaja ya mama mkwe. Nilitoa flashi nikaiingiza mwenyewe, sikuomba ruhusa.

Ilianza. Upepo unapiga maikrofoni, kwaya inaimba kwa mbali, picha inatikisika. Wakamwona mama mkwe akiinama. Wakaona meno yake. Wakaona na yangu.

"Hii haina muziki," mzee mmoja akasema.

"Ile ya kwanza ilikuwa imetengenezwa. Hii ni ovyo."

"Lakini Mama pia anacheka," wifi mdogo akasema, taratibu.

"Huyo anaomba," baba mdogo akasema.

"Anaomba na meno?" nikauliza.

"Mokamwana, chunga mdomo wako." Akamgeukia mama mkwe. "Shemeji, maneno hayasikiki hapa, kwaya imeyameza. Wewe utuambie. Ulikuwa unamwambia nini?"

Mtu alikuwa amesimamisha picha. Mama mkwe alikuwa mle kwenye runinga, mdomo wazi, na alikuwa hapa kwenye kiti, mdomo umefungwa. Hakuniangalia mimi, alijiangalia mwenyewe. Kwa kweli nilidhani atasema. Mpaka leo ninajichukia kwa vile nilivyongoja nikidhani atasema.

"Nilimwambia avumilie," akasema. "Nikashangaa alipocheka."

Baba mdogo akapiga goti lake kwa kiganja, vile mtu hufunga kitabu. Lakini wifi mdogo hakuridhika. "Avumilie? Rudisha tuone midomo." Mzee wa kwanza akasema midomo haidanganyi. Wa pili akasema ataisoma yeye, yeye ameishi na kaka kiziwi. Wakasogeza viti. Waliokuwa nyuma wakasimama. Mama mkwe akaitwa aje mbele aonyeshe alikuwa amesimama wapi, akamweka mtoto sakafuni, akaenda.

Mtoto alitambaa katikati ya miguu yao akanijia mimi.

Nilimwinua, nikamfunga mgongoni, nikapita jikoni. Sikuchukua nguo. Sikuchukua hata picha ya harusi. Nikiwa uani nilisikia wanabishana. "Rudisha. Tena. Polepole, polepole kama ile ya kwanza." Hakuna aliyegeuka. Niliteremka ule mteremko wa matope nikitembea, sikukimbia, kwa sababu anayekimbia huulizwa. Kule barabarani nilipata pikipiki. Wifi mdogo aliniambia baadaye kwa simu kwamba walimaliza kutazama, wakaanza kuuliza chai imefika wapi, na ndipo walipojua.

Sasa niko Mosocho kwa baba yangu, ninauza parachichi na ndizi sokoni. Video ilishanitangulia huku. Mteja ananunua, anaondoka, anarudi kunitazama tena. Baba ameiona pia, kwa jirani. Alisema tu kwamba siku ile hakujua wageni walikuwa wengi hivyo.

Ukiniuliza maoni yangu kama mtu aliyezitazama zote mbili, nitakuambia ukweli: ile ya uongo ni nzuri zaidi. Imepangwa vizuri, inaeleweka, ina mkosaji. Ile ya kweli inatikisika, sauti haisikiki, na ukiimaliza unabaki na wanawake wawili waliompenda mtu mmoja, ambao hawataongea tena. Hiyo nani ataitaka?

Baba mdogo ametuma ujumbe. Mtoto ni wa boma, watakuja kumchukua, na watakuja na chifu. Nilimjibu kwa neno moja: njooni. Bado hawajaja. Msichana ameanza kutembea, anapenda barabara, na kila gari linalopunguza mwendo pale kwetu ninamnyakua na kumwingiza ndani, kisha ninasimama mlangoni mpaka lipite.