Paka Wetu Mafuta na Kikohozi cha Musonoi

Siku moja ya kiangazi hainitoki moyoni, mjukuu wangu. Na kwa kuwa jana uliniuliza kama ukamwache mbwa wako porini kwa ajili ya ugonjwa unaotajwa mtaani, kaa kwanza nikusimulie. Mbwa hatakimbia, na mimi sina haraka.

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Babu yako Kalala, Mungu amlaze pema, alikuwa mchimbaji, na kazini walitupatia nyumba ya matofali kule Musonoi, karibu na mashimo ya shaba. Tulikuwa vijana, na mama yako Ngalula alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe wangu, Mama Kabedi, alikuwa amekuja kwa treni kutoka Kasai kumwona mjukuu, akakaa. Tulikuwa na paka pia. Alikuja amekonda, mifupa mitupu, lakini babu yako akamwita Mafuta, akisema jina litamnenepesha. Na kweli lilimnenepesha, jina hilo pamoja na panya waliokuwa wanatoboa magunia yetu ya unga.

Ndipo kikohozi kikaingia Musonoi. Si kikohozi cha vumbi, maana hicho tulikizoea. Hiki kilimkunja mtoto hadi uso ukageuka rangi, kisha akavuta pumzi kwa sauti kama jogoo. Wenye kusoma wanakiita kifaduro. Kilipita nyumba hadi nyumba, na mama akisikia mtoto wa jirani anakohoa, chakula kinamshinda.

Kwenye bomba la maji wanawake wakaanza kusema ni manyoya ya paka, yanaingia kifuani mwa watoto. Nani aliyeanza neno hilo, sijui hadi leo. Lakini lisemwalo lipo, tuliambiana, na watu wakaanza kutupa paka. Wengine waliwapeleka njia ya Nzilo wakawaachia huko msituni. Paka wanajua njia ya nyumbani, maskini. Walirudi wamechoka, wakalia milangoni, wakapigwa mawe na watoto wale wale waliowabeba mgongoni wiki iliyotangulia.

Kisha Ngalula akakohoa mara ya kwanza. Babu yako hakungoja. Alichukua gunia tupu, akamwita Mafuta, na paka akaja akijisugua miguuni mwake, maana alijua sauti hiyo ni ya chakula. Mimi nikashika mdomo wa gunia ili amtumbukize.

Mama Kabedi alikuwa uani anachambua sombe, majani ya muhogo. Akaweka majani chini.

“Kalala, mwana wangu, juu ya nini unatia paka mu saki?”

“Mama, paka njo iko naletea mutoto ugonjwa. Banasema vile.”

“Nani anasema?”

“Batu. Kule ku robine ya maji.”

“Huyo ‘banasema’, nyumba yake iko wapi? Niende nimuulize.”

Babu yako akaendelea kulikunjua gunia. Mama Kabedi akasimama kwa taabu, na kabla hajafika tulipo, akashikwa na kikohozi. Akainama, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Alikuwa anakohoa tangu juzi, mwanangu, na sisi hatukuona, macho yetu yote yalikuwa kwa paka.

“Mi pia niko nakohoa,” akasema alipopata pumzi. “Leo unatupa paka. Kesho mutoto akikohoa tena, utatupa nani? Utatia mama yako mu saki?”

Kalala aliachia gunia kama limemuunguza.

“Mi sijue kikohozi kinatoka wapi,” akaendelea, sasa kwa upole. “Weye pia haujue. Peleka mutoto ku lopitalo. Kama munganga anasema ni paka, mi mwenyewe nitamubeba.”

Tulienda saa ile ile, wote, na mama mkwe nyuma yetu na kitambaa mdomoni. Mganga wa hospitali alimsikiliza Ngalula kifuani, akamsikiliza na bibi yake. Akatuambia kikohozi hiki kinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa mate na pumzi, paka hahusiki. Akatupatia dawa, akatuonya tusiwachanganye na watoto wengine. Akasema pia kwamba tumewahi, maana wengi wanamletea mtoto akiwa amekwisha kulegea.

Maneno hayo yalimchoma Mama Kabedi. Jirani yetu, Mama Tshibola, alikuwa amekwisha kumtupa paka wake, na kwa sababu hiyo aliona amemaliza kazi; mtoto wake alikohoa ndani ya nyumba bila dawa. Mama mkwe alienda akasimama nje ya mlango, hakuingia, akamwita kwa sauti hadi akatoka na mtoto mikononi. Akampeleka hospitali, na mtoto akalazwa. Alirudi mwembamba kama kijiti cha mwiko, lakini alirudi. Ngalula naye akapona, ndiyo maana wewe umekaa mbele yangu. Hata sasa nikiomba, jina la Mama Kabedi linatangulia lako.

Panya walipojaa katika nyumba za Musonoi, Mama Tshibola alikuja kuomba mtoto wa Mafuta. Tulimpa, na hakuna aliyemcheka.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kuogopa ugonjwa si dhambi. Asiyeogopa ni mjinga. Lakini woga usioulizwa hukuonyesha adui pasipo adui, na adui wa kweli hupita mlango wa nyuma. Kuuliza si ujinga. Mpeleke mbwa wako kwa daktari wa mifugo, achomwe sindano, mfunge kama akisema umfunge, nawa mikono. Akikuambia mbwa ni hatari, fanya atakavyokuelekeza, hapo hapo, na moyo wako uwe safi. Lakini mnyama aliyezoea mkono wako usimwache njiani. Huko hana wa kumlisha wala wa kumtibu, na kama kweli ni mgonjwa, unawapelekea wengine ule ugonjwa unaoukimbia.

Nenda salama. Mungu akupe mtu wa kukuuliza swali jema siku utakapotishika, na akupe masikio ya kumsikia. Nyumba yako iwe na afya, watoto wako wapumue vizuri, na kila anayekula mkononi mwako, wa miguu miwili na wa miguu minne, alale bila woga.