Mwiba Uliosimama Peke Yake

Tangu kituo cha redio cha Mzee Ralaimihoatra kifungwe, Voahirana alikuwa akinunua mboga kwa haraka kama mtu aliyeacha jiko likiwaka. Lakini Ambohitsara ina soko moja tu, na katika soko hilo mwenye kisamvu cha maana ni Bakoly peke yake. Hakuna pa kukwepea.

"Karibu, mama wa mitambo," Bakoly akamlaki. "Leo unafunga nini? Mizani yangu?"

Wauzaji wa pembeni wakaangua kicheko. Voahirana naye akacheka, maana angefanyaje.

"Nipe mafungu mawili, dada."

"Nakupa. Ila ujue shangazi yangu wa ng'ambo ya mto alifariki Jumanne, mimi habari nimezipata Jumapili. Wameshamzika. Zamani Mzee angesoma tangazo saa moja asubuhi, na saa mbili niko njiani." Bakoly akayafunga majani kwa ukambaa, taratibu, huku akimtazama usoni. "Sikulaumu, lakini. Kazi ni kazi."

Afadhali angemlaumu. Voahirana aliondoka na kisamvu chake bila kungoja chenji, kwa sababu siku mbili kabla ya hapo alikuwa amegundua jambo ambalo mji mzima haukulijua.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na ishirini na moja kati ya hiyo aliitumikia ofisi ya masafa, ile inayogawa mawimbi ya redio na kuwasaka wanaoyachafua. Alianza na mashine nzito za kubebwa na watu wawili. Siku hizi alikuwa na kidude kisichozidi kiberiti cha jikoni, unakichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, unakifungia antena, na kwenye skrini unaona mawimbi yote ya eneo lile yamejipanga. Pasipo na kitu kuna mstari mfupi unaotetema kama majani mafupi. Penye redio, mstari unapanda juu. Mafundi huuita mwiba. Kidude chake alikitunza ndani ya soksi ya sufu, na alikipenda kuliko ilivyofaa kukipenda kitu kisicho na damu.

Kesi yenyewe ilianza na marubani. Walilalamika kwamba wakikaribia uwanja mdogo wa ndege wa Ambohitsara, wanasikia mkwaruzo kwenye masafa yao ya mazungumzo, megahezi mia na ishirini na tatu nukta sita. Voahirana akapanda kilima cha minara. Kila alipopanda, mwiba ulisimama mahali hapohapo, mia na ishirini na tatu nukta sita, ukirefuka. Kileleni palikuwa na minara miwili. Mmoja mkubwa wa dhehebu moja lenye wafadhili, mtambo wake umetoka kiwandani na mihuri yake. Mwingine wa Mzee Ralaimihoatra, mwalimu mstaafu, ambaye mtambo wake aliuunganisha mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza. Nani angehangaika kumshuku yule wa mihuri?

Kuna sharti moja katika kazi hii. Kidude kidogo kikisimama karibu na mtambo wenye nguvu, huzidiwa, na kikizidiwa huanza kuzua miiba isiyokuwepo. Kwa hiyo kabla ya kuuamini mwiba wowote, unafunga kati ya antena na kidude kipande cha shaba kama kastabini, kiitwacho kipunguzo, kinachopunguza mawimbi kwa desibeli kumi. Mwiba wa kweli hushuka kumi. Ukishuka ishirini, thelathini, au ukatoweka kabisa, umezuliwa na mashine yako mwenyewe. Sharti hilo Voahirana hakuambiwa na mtu. Yeye ndiye aliyelifundisha kwa mafundi wa wilaya tatu.

Siku ile kipunguzo kilikuwa ndani ya gari, chini kilimani, na mvua ilikuwa inanyesha. Akasema moyoni, mara hii tu. Akaandika ripoti. Wiki iliyofuata mtambo wa Mzee ukashushwa ukafungiwa ghalani, na mji ukanyamaza.

Siku ya kumi na tisa uwanja wa ndege ukapiga simu: mkwaruzo upo vilevile. Voahirana akaenda na kidude chake, akazunguka na antena mkononi hadi ukuta wa mashariki, akakuta taa mpya za uzio, za bei rahisi, zinachafua mawimbi kwa upana wake wote. Akaomba zizimwe. Mkwaruzo ukakatika.

Sasa ule mwiba wake ulikuwa nini? Akapanda tena kilimani. Mtambo wa Mzee uko ghalani chini ya kufuli, na mwiba huo umesimama palepale, mrefu, hauna aibu. Akabadilisha waya. Upo. Akahamishia kwenye tundu jingine la kompyuta. Upo. Akazima kila kitu, akawasha upya, akingoja kwa matumaini ya kijinga. Upo. Ndipo akafunga kile kipande cha shaba, na mwiba ukatoweka, pakabaki majani mafupi tu; kumbe ni ule mnara mkubwa uliokuwa unakizidi kidude. Akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, akalia.

Mkuu wake, Bwana Andriantsoa, alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidisha ugumu.

"Alhamisi," akasema, "Mzee anasaini kuyaachia masafa. Yanapewa watu wengine. Barua imeshapita mikono mitano, dada yangu. Unataka nikaivue kutoka mikono mitano?"

"Redio yake haikuwa na kosa, bosi."

"Wewe ndiye uliyeandika kuwa inalo."

"Nilikosea."

"Basi kosea kimya kimya. Ukiivuta ripoti hiyo, watazifungua zote ulizoandika kwa kidude hicho. Ngapi? Sitini? Watakutupa nje, na mimi watanitupa nyuma yako." Akamsogezea kikombe cha maji ya ukoko wa wali, kinywaji cha kila siku cha kwao, kama mtu anayemliwaza mfiwa. "Kunywa. Alhamisi utaisoma ripoti, atasaini, yataisha."

Usiku na mchana aliligeuza jambo hilo, na kila upande aliugonga ukuta. Akisema, kazi imekwenda. Asiposema, kila asubuhi ni Bakoly. Akiamua kuugua siku hiyo, Mzee atasaini hata asipokuwepo. Alihisi amebanwa kifuani kama aliyevaa nguo ya mtoto.

Alhamisi ukumbi wa mji ulijaa. Mzee Ralaimihoatra alikaa mbele na kofia yake ya mkeka magotini, kalamu imeshawekwa mezani kwake. Voahirana akaitwa. Aliacha ripoti kwenye kiti, akasimama mikono mitupu. Alikuwa amekata shauri kusema.

Sasa, katika nyanda zile za Ambohitsara hakuna mtu anayezungumza mbele ya watu bila kwanza kujivua lawama. Hata ukitaka kuuliza choo kiko wapi, mradi umesimama, utaanza kwa kusema wewe ni mdogo, hustahili, umewakosea waliokutangulia, na watu wataitikia kwamba huna kosa. Ndiyo adabu. Voahirana alikuwa amelelewa humo, na mdomo ukaanza wenyewe.

"Wazee wangu, mimi ni mkosaji mbele yenu."

"Huna kosa!" ukumbi ukaitikia kwa furaha.

Akashtuka. Akaongeza sauti. "Nimemkosea Mzee Ralaimihoatra. Nimeukosea mji huu."

"Huna kosa, mama!"

"Nasema kweli! Sistahili kusimama hapa!"

Makofi yakapigwa. Bibi mmoja akamwambia jirani yake, "Huyu anajua kusema. Babu yake alikuwa hivihivi." Mzee mwenyewe akainua mkono kwa upole, akaitikia na wenzake kwamba hana kosa, kisha akaichukua kalamu. Bwana Andriantsoa alikuwa ameinama, na mabega yake yalishuka kwa nafuu.

Voahirana alitamani kupiga yowe. Kila neno la toba alilokuwa nalo lilikwishatumika kwa adabu tangu enzi za mababu, na alilisema kwa machozi, wakampigia makofi. Akaiona ncha ya kalamu inagusa karatasi.

"Nyamazeni!" akasema.

Hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo katika ukumbi ule. Watu wakanyamaza kwa hasira zaidi kuliko kwa utii.

"Mzee, weka kalamu chini. Sijivui lawama, naeleza yaliyotokea. Redio yako ilikuwa safi. Kidude changu kilizua mwiba, na mimi sikukipima kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa mvivu kuteremka kilimani. Niliandika uongo. Mkwaruzo ulitoka kwenye taa za uwanja wa ndege. Bakoly, shangazi yako amezikwa bila wewe kwa sababu yangu."

Bwana Andriantsoa aliinuka, akatoka nje bila kuaga. Huko nyuma mtu mmoja akasema kwa mazoea, "Huna kosa," na sauti ikamfia njiani.

Mzee Ralaimihoatra akafunika kalamu, akaiweka mezani. Akamgeukia Voahirana.

"Siku ishirini na tatu," akasema. "Watu wangu wamezikana bila kuambiana, nami nimekaa nyumbani nikijiuliza nilikosea waya upi. Masafa yangu nitayadai. Lakini wewe, mwanangu, kosa unalo. Unalo, na leo sikusamehei."

Ukumbi mzima ukaguna kwa mshangao, maana jibu hilo halipo kabisa katika adabu zao. Voahirana akaitikia kwa kichwa na kumshukuru, akakaa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akavuta pumzi hadi mwisho.