Safari ya Ulaya Ilikuwa ya Mke Mwenzangu

Admin, naomba unifichie jina. Na nyie wasomaji, msinitukane kwanza, nitukaneni nikimaliza. Nina miaka hamsini na mbili, ni mjane, naishi Mpanda mjini. Niliolewa mke wa pili kwa mfugaji wa Kisukuma pale Sitalike, kando ya mbuga ya wanyama. Mke mkubwa namwita Dada mpaka leo. Alinipokea vizuri, sitamsingizia.

Miaka ya tisini alikuwepo pale mzungu mmoja, mama wa Kiholanzi, akichunguza viboko. Kiswahili alikijua vizuri. Masika moja malaria ikamwangusha, barabara imekatika, gari halipiti. Dada alimlaza chumbani kwake wiki tatu, akawa anamnywesha uji kwa kijiko na kumfulia nguo. Mzungu akapona, akarudi kwao. Baada ya mwaka ikaja barua: anamwalika Dada kwao, gharama zote juu yake.

Dada hakusoma. Mume wetu naye vile vile. Mwenye darasa la saba ni mimi, kwa hiyo kusoma barua na kuzijibu ilikuwa kazi yangu. Jamani, tuliipanga safari ile! Mzungu aliuliza kama Dada apande ndege za kuunganisha, ashuke njiani mara mbili, au ile ya moja kwa moja kutoka Dar. Dada akacheka sana. "Moja tu! Nikishapanda nisishuke mpaka nimwone yeye." Akaulizwa tena kama wahame mji hadi mji, au nyumba ya mzungu ndiyo iwe kituo, wawe wanatoka asubuhi kwa treni, hata nchi ya jirani, na jioni wanarudi. "Kituo kiwe kwake," akasema. "Sitaki kila siku kitanda kipya. Tutoke, turudi, tupike." Nikaandika yote kama alivyosema, huku roho inaniuma.

Ulikuwa wivu, niseme tu ukweli. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, najiona msomi, halafu wa kupanda ndege awe mtu asiyejua kuandika hata jina lake! Barua ya nne ilitaka jina la kwenye pasipoti. Nikamsomea Dada kisichoandikwa: "Ameghairi. Anasema anataka mtu anayejua kusoma, wewe utampa tabu."

Dada akauliza, "Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

Nikasema ndiyo. Kwa mzungu nikaandika kwamba Dada anaogopa ndege, amesema niende mimi.

Nikaenda. Ndege moja tu kutoka Dar, kituo kimoja, treni asubuhi, kurudi jioni. Kila kitu alikichagua Dada. Mwanangu wa miaka miwili nilimwachia yeye, na hata karanga za zawadi alizikaanga yeye. Mzungu hakuacha kuniuliza, "Kweli hakutaka kuja?" Siku moja akalia mezani. Nikakaza uso. Baadaye barua zikapungua, zikaisha. Miaka yote hii kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyemkataa.

Sasa mzungu anakuja mwezi ujao. Amezeeka, anatembelea fimbo, alinipata kupitia mtu wa mbugani. Anasema anataka kumwona Dada kabla hajafa. Dada naishi naye hapa nyumbani tangu mzee wetu afariki, na wanangu wanamwita mama. Nikimwambia, atakubali tena kulala kwangu? Nikinyamaza, watakutana, na wote wawili Kiswahili wanakijua, sina pa kujificha. Mara tatu nimefungua mdomo kumwambia, nikaishia kumuuliza kama atakunywa chai.

Jana nilimwambia kuna mgeni anakuja, nikamtaja. Nilidhani atakasirika. Alichambua mchele wake mpaka ukaisha, ndipo akasema, "Nitamwambia nimemsamehe. Ila siku hiyo usiende popote, mdogo wangu, ukae karibu yangu. Naogopa nitalia, na sina mwingine wa kunishika."

Ndugu zangu, nimwambieje? Na nianzie wapi?